Nesi wa Zamu, sehemu ya 9: Muvi za kutisha, za zamani na za sasa

Ndaga fijo kwa wote mlioniandikia baada ya sehemu ya 8, ile ya kumwachisha mtoto ziwa. Leo tuache maziwa kidogo. Kuna swali mmeniuliza wengi, kila mmoja kwa namna yake: mtoto anaangalia muvi za kutisha na kaka zake kwenye simu, usiku halali, afanyweje? Nitafika huko. Ila kwanza mjue mnamuuliza nani. Mwenzenu ni shabiki. Siku nikiwa mapumziko, wenzangu wanaweka kwaya, mimi naweka mizimu. Mume wangu ameshazoea, anakaa sebuleni na kikombe chake cha chai ameipa televisheni mgongo, anasikiliza tu.

Kwa hiyo haya ni maoni ya shabiki, na mnaruhusiwa kunipinga.

Wa umri wangu mliokulia Tukuyu, Kiwira, Ushirika, mnayakumbuka mabanda ya video. Deki moja, televisheni yenye kisogo kikubwa, mabenchi ya mbao, na mvua yetu hii ikizidi kwenye bati mnabaki kuangalia midomo tu. Kisha zikaja zilizotafsiriwa. Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, mzungu alikuwa anasema neno moja yeye anasema sentensi nne, na zile nne zilikuwa tamu kuliko muvi yenyewe. Chucky nilimwona hivyo, yule mwanasesere wa Child's Play ya 1988 mwenye kisu. Na Anaconda ya 1997. Jamani Anaconda! Sisi ambao migomba inaanzia mlangoni, baada ya ile muvi nani angetoka usiku kwenda kukata jani la mgomba?

Nikiziangalia leo, Chucky ananichekesha. Anaconda inaonekana kabisa ni mpira na kompyuta. Lakini bado nasema za zamani, zile nzuri zake, zinazishinda nyingi za sasa kwa jambo moja: zilijua kuficha. Jaws ya 1975, ile ya papa, walitengeneza papa wa mashine akawa anaharibika kila siku baharini, ikabidi mwongozaji Steven Spielberg amwonyeshe kidogo sana. Matokeo yake unaogopa maji matupu. Sisi watu wa Rungwe hili hatuhitaji kufundishwa. Ukungu ukishuka saa kumi na mbili jioni barabara ya kwenda Masoko, unasikia mtu anatembea mbele yako humwoni, unajua tu yupo. Hiyo ndiyo hofu.

Muvi nyingi za siku hizi zinakushtua tu. Annabelle ya 2014, The Nun ya 2018: kimya, kimya, kimya, halafu BAA! Hata sufuria ikidondoka jikoni utaruka, ila huwezi kusema umeiogopa sufuria. The Conjuring ya 2013 naiheshimu, ile sehemu ya mikono inayopiga makofi kutoka kabatini nilizima nikawasha taa. Na A Quiet Place ya 2018 naipenda sana, familia inaishi bila kutoa sauti kwa sababu madude yanawinda kwa kusikia. Ila pale mama anapojifungua peke yake kwenye beseni la kuogea, msumari umemtoboa mguu, na anajizuia asipige kelele! Mlionijia leba mnajua. Nililazimika kusimamisha muvi nicheke kwanza.

Sasa nije kwenye yale yaliyotutisha kweli, maana hao wote hapo juu walikuwa wageni. Dracula wa Bela Lugosi wa 1931, na koti lake na nywele zake za mafuta, ukimleta Tukuyu tutamuuliza anatafuta nani. Mnyonya damu wetu ni mumiani, na mumiani hana meno marefu. Tangu enzi za wakoloni bibi zetu walimsimulia akiwa na gari, akiwa na sindano, akiwa na kazi ya serikali. Mnaona tunakoelekea? Mumiani anafanana na mimi. Mwaka 2017 hapo Malawi, kusini kule, ulizuka uvumi wa wanyonya damu. Watu waliuawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake kwa muda wilaya za Mulanje na Phalombe. Kwa hiyo mama ukiona nesi anakueleza kwa kirefu kwa nini anamtoboa mtoto kidole kupima malaria na damu inakwenda wapi, usimwone ana maneno mengi.

Halafu wakaja Wanigeria. Living in Bondage ya 1992, mtu anamtoa mke wake kafara apate utajiri. Karishika. Hizo hazikuwa na kompyuta wala bajeti, lakini makochi yalikuwa kama ya kwetu, geti kama la kwetu, shangazi kama wa kwetu. Mtu alikuwa akitoka pale anamwangalia shemeji yake vibaya wiki nzima. Na Bongo wakafuata. Mussa Banzi akatoa Nsyuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, akatoa na Shumileta ya jini wa kike, na baadaye ikawepo Popobawa.

Hilo jina Nsyuka, Wanyakyusa wenzangu mmeshtuka kama nilivyoshtuka mimi. Ni neno la kwetu hilo. Kwa wazee wetu abasyuka ni wale waliotangulia, waliolala chini ya migomba yetu. Waliweza kukasirika, ndiyo, wakidharauliwa. Lakini walikuwa ni babu na bibi, watu wa nyumbani wenye majina. Neno lilipofika Dar es Salaam likawa jina la dude la kutisha. Simlaumu Banzi, neno lina mlio mzuri kwenye bango na mtu wa Dar halijui. Mimi mwenyewe nimeifurahia. Ila ilinifanya nianze kuziangalia hizi muvi kwa jicho lingine, jicho la kazini, na tangu hapo nimekuwa na swali moja ninalolipa kila muvi kabla ya kuisifu: dude la humu limevalishwa sura ya nani?

Maana dude halina sura yake. Lazima mtengenezaji aazime kwa mtu. Na akiazima kwa mgonjwa wangu, mimi ndiye ninayelipa deni wodini.

Chukueni The Exorcist ya 1973. Wengi wanasema ndiyo muvi ya kutisha kuliko zote, na kwa ufundi sibishi. Binti wa miaka 12 anaingiwa na shetani. Macho yanageuka weupe, mwili unajikunja, kitanda kinaruka. Watu wanasahau kwamba nusu ya kwanza ya ile muvi ni hospitali, vipimo juu ya vipimo, na madaktari wanashindwa. Ndipo wanaitwa mapadri. Tangu hapo karibu kila muvi ya pepo inakwenda njia hiyo hiyo, za Wazungu, za Nigeria, za kwetu: hospitali imeshindwa, macho meupe, povu, mgongo umepinda kama upinde.

Sasa niambieni, mama aliyekulia kwenye hizo muvi, siku mwanawe wa mwaka mmoja na nusu amepandwa na homa, macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa, povu likatoka, ataona nini? Ataona muvi. Mimi ninaona degedege. Nimewapokea watoto waliozungushwa usiku kucha kabla ya kuletwa, wamefukizwa, wamepakwa, mmoja alikuwa na kijiko cha chuma kati ya meno. Kile kijiko kiliondoka na jino. Na homa muda wote huo ilikuwa malaria, inaendelea kumla.

Nilishawaeleza sehemu ya 3 lakini narudia kwa waliojiunga karibuni. Degedege la homa huwapata watoto wa kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Mlaze mtoto ubavu, sehemu ambayo hatajigonga. Legeza nguo. Usimtie kitu chochote mdomoni, wala kijiko, wala kidole, wala dawa, wala maji. Angalia saa. Mara nyingi linakoma lenyewe kabla ya dakika 5, likizidi hapo ni hatari kubwa zaidi. Likome lisikome, safari ya kituo cha afya ianze, maana nyuma yake kunaweza kuwa na malaria au uti wa mgongo. Maombi sijayakataza mimi. Omba ukiwa kwenye bodaboda.

Na kama mnadhani hii ni sisi tu Waafrika na ushirikina wetu, ngoja niwape ya Ujerumani. Kuna muvi ya 2005 inaitwa The Exorcism of Emily Rose. Nzuri sana, imechezwa vizuri, yule dada Jennifer Carpenter anavyojikunja unaweza kudhani hana mifupa. Msingi wake ni msichana wa kweli, Anneliese Michel, wa Klingenberg huko Bavaria. Alianza kupata mishtuko akiwa shule ya sekondari, madaktari wakasema ni kifafa, akapewa dawa. Hali haikutulia, akaanza kusikia sauti, familia ikapoteza imani na hospitali. Kuanzia Septemba 1975 mapadri wawili walimfanyia ibada za kutoa pepo, mara 67. Akaacha kula. Tarehe 1 Julai 1976 akafa, ana miaka 23, uzito wake kama kilo 30. Kilichomuua ni njaa na kukosa maji mwilini. Mwaka 1978 mahakama ikawatia hatiani wazazi wake na wale mapadri wawili.

Kilo 30, jamani. Mtoto wa miaka 9 ana kilo hizo. Muvi inakuacha ujiamulie mwenyewe kama lilikuwa pepo au ugonjwa, na kama hadithi najua kwa nini wamefanya hivyo, inanoga. Ila mimi nimeona mgonjwa wa kifafa aliyekunywa dawa zake kila siku akaolewa, akazaa, akalima viazi, na nimeona mwingine aliyeungua mkono mzima kwa sababu alianguka motoni na watu wakaogopa kumgusa wakidhani povu linaambukiza. Huyo wa pili ningependa kuona muvi inayomhusu. Haipo. Na huku kwetu kwenye mito yenye usubi hili si jambo dogo, maana ugonjwa wa usubi umehusishwa na kifafa kwa watoto, hasa kwa utafiti wa kule Mahenge. Zile dawa za Mectizan zinazogawiwa vijijini mzinywe, msizitupe nyuma ya choo.

Sura nyingine inayoazimwa sana ni ya bibi. Bibi mzee, mgongo umepinda, macho mekundu. Muvi za Bongo na za Nigeria akitokea bibi wa hivyo tu muziki unabadilika. Macho mekundu ya bibi zetu yanatoka wapi? Rungwe mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka. Bibi anapika ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, kuni mbichi, mafiga matatu, miaka 60. Hayo ni macho ya moshi. Yanawasha, yanatoa machozi, mengine yana mtoto wa jicho na yangeweza kufanyiwa upasuaji. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa ajili ya macho hayo hayo, kila Mtanzania amezisikia habari hizo kwenye redio. Siwezi kusema muvi ndiyo iliua, mauaji yale ni ya tangu kabla ya mabanda ya video. Nasema mtoto wa miaka sita anayemwona bibi mwenye macho mekundu akila watu kwenye simu, kesho anapelekwa likizo kwa bibi yake mzaa mama. Mmeshawahi kumwona mtoto anakataa kupokea mbalaga mkononi mwa bibi yake? Mimi nimemwona. Yule bibi alicheka, lakini hakucheka.

Watoto nao sura yao imeazimwa. End of the Wicked ya Nigeria ya 1999 inaonyesha watoto wachawi wanaokula nyama za watu usiku, na watetezi wa haki za watoto wameilaumu kwa kuchochea watoto kuitwa wachawi na kufukuzwa majumbani. Hiyo sitaki hata kuijadili kama muvi.

Muvi ya zamani ninayoipenda kuliko zote inalijua swali langu. Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, nyeusi na nyeupe, ya bei rahisi kabisa. Maiti wanafufuka wanakula watu. Shujaa ni Ben, kijana mweusi, ameigiza Duane Jones. Anapigana usiku kucha na anavuka salama. Asubuhi linakuja kundi la wanaume wenye bunduki kusafisha maiti waliobaki, wanamwona Ben dirishani, wanadhani ni mmoja wao, wanampiga risasi. Muvi imekwisha. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka Popobawa wa Zanzibar wa 1995, ambapo hofu ilipanda mpaka kundi la watu likamuua mtu mwenye matatizo ya akili wakidhani ndiye. Romero hakuwa akituwaza sisi, lakini alijua kundi lenye hofu linafanya nini likikutana na mtu dirishani.

Za sasa zinazofanya kazi hiyo zipo. Us ya 2019 ya Jordan Peele, ambayo Lupita Nyong'o, binti wa Kikenya, anacheza yeye na dude lake, wote wawili ni yeye, na mpaka mwisho hujui umwogope nani. Na His House ya 2020, mume na mke wamekimbia vita Sudan Kusini, wanapewa nyumba Uingereza, na nyumba ina kitu ukutani. Sitawaharibia. Nitasema tu inahusu mtoto aliyepotea baharini, na kwamba mchawi wa mle ndani si mtu mwenye makosa makubwa kuliko wote.

Na wamama, kuna mbili zetu. Rosemary's Baby ya 1968: mwanamke mjamzito anasema ana maumivu, anakonda, kuna kitu hakiko sawa, na kila mtu, mume, majirani, daktari, anamwambia ni kawaida. Kila nesi na kila mkunga aiangalie, mimi ndiyo inanikera usingizini, na si kwa sababu ya shetani. Nyingine ni The Babadook ya 2014, imetengenezwa na mwanamke wa Australia, Jennifer Kent. Mama mjane, mtoto msumbufu, usiku halali, anatoka kwenye kitabu cha hadithi mtu mrefu mweusi mwenye kofia. Ukiiangalia vizuri unaona dude ni uchovu na msiba ambao mama hajaulilia. Mwisho wake haliuawi. Linafungiwa chumba cha chini na mama analipelekea chakula. Nimewahi kukaa na mama aliyejifungua wiki tano zilizopita ananiambia anaogopa kubaki peke yake na mtoto, na nikaona mama yule yule. Kama hivyo ndivyo unavyojisikia sasa hivi, iache Babadook kwa mwaka huu, njoo kliniki useme. Tunalisikia hilo mara nyingi kuliko mnavyodhani na halina uhusiano na kuwa mama mbaya.

Haya, watoto.

Chini ya miaka 7 hivi, hapana. Mtoto wa umri huo hatenganishi la kwenye kioo na la chini ya kitanda, hata akikwambia anajua ni uongo. Wakubwa kidogo, kaa naye, na mwonyeshe ufundi. Damu ya bafuni kwenye Psycho ya 1960 ilikuwa sharubati ya chokoleti. Matapishi ya kijani ya The Exorcist yalikuwa supu ya njegere. Mtoto akijua hivyo anaanza kuangalia kama fundi, na bibi yake anabaki bibi.

Akishaona kitu kikamkaa kichwani, jueni kuna aina mbili za usiku. Anayeamka alfajiri analia na anakusimulia ndoto, huyo mkumbatie, msikilize, kaa naye mpaka apitiwe. Anayepiga mayowe saa mbili tatu baada ya kulala, macho wazi lakini hakuoni, jasho, moyo unakwenda mbio, na asubuhi hakumbuki kitu, huyo hajapandwa na chochote. Usimtikise wala kumwagia maji. Zuia tu asijiumize, itapita baada ya dakika chache. Ila kama anakakamaa, ananyong'onyea upande mmoja, au inajirudia kila usiku kwa namna ile ile, mrekodi kwa simu umlete, video hiyo itatusaidia kuliko maelezo.

Akikojoa kitandani wiki hiyo, badilisha shuka, usimchape, usimtangaze kwa majirani. Zikipita wiki tatu bado anakojoa wakati alishaacha, au unaona anakunywa maji sana na anakonda, hapo muvi haihusiki. Mleteni apimwe sukari.